Maswali ya Wasomaji: Bahari Inayoondoka Saa Nne Asubuhi, na Mengine ya Hoteli za Kifahari Unguja

Barua zilizotufikia mara hii kuhusu hoteli za pwani ya Unguja ni nyingi, na kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine ambao barua zao hazikupata nafasi.

Swali: Mashariki au kaskazini?

*Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, nasi tumepanga kukaa siku nne katika hoteli ya kifahari Unguja wakati wa Idd el-Fitri, kwa kuwa ndipo sote wawili tunapopata likizo. Tumebakiza hoteli mbili. Moja iko Paje, pwani ya mashariki. Nyingine iko Kendwa, kaskazini, na bei yake imezidi ile ya kwanza kwa karibu theluthi moja. Katika picha zote mbili bahari ina rangi ileile na mchanga ni mweupe vilevile. Mke wangu hupenda kuogelea baharini asubuhi, wala bwawa halimtoshi. Je, ipo sababu ya kulipa zaidi? Na tuulize nini kabla ya kutuma fedha?* – F. M., Dodoma

Jibu: Ndugu F. M., hongereni kwa kutimiza miaka kumi. Sababu ya kulipa zaidi ipo, na kwa tarehe mliyoichagua ina uzito kuliko ambavyo ingekuwa wiki moja baadaye.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa, kupita Pongwe, hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe, na kati ya mwamba huo na mchanga kuna uwanda mpana wa bahari yenye kina kifupi. Maji yanapojaa juu ya uwanda huo ndipo inapotokea ile rangi mliyoiona pichani. Yanapokupwa, huondoka mamia ya mita, na panapobaki ni mchanga wenye unyevu, madimbwi, majani ya baharini na vigingi vya mashamba ya mwani. Siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Sijapata kuona hoteli ya upande huo ikitangaza picha iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa, na siilaumu, lakini mnunuzi anapaswa kujua kwamba picha ile ni ya saa chache tu katika siku. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi hali ni tofauti, kwa sababu sakafu ya bahari huteremka karibu na ufukwe, kwa hiyo mtu anaweza kuogelea karibu wakati wowote bila ya kutembea nusu saa akiyafuata maji. Hiyo ndiyo theluthi mnayoongezewa.

Sasa tuiangalie tarehe yenu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, huja katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu. Idd el-Fitri ni tarehe mosi ya Mfunguo Mosi (mwezi wa Kiislamu unaofuata Ramadhani), yaani mwezi umeandama jana yake, kwa hiyo kila anayekwenda pwani kwa sikukuu hiyo hukuta bamvua. Hili halibadiliki, iwe sikukuu imeangukia Machi au Septemba. Zaidi ya hapo, siku za bamvua Unguja maji hujaa kabisa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, au muda mfupi baadaye, na hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ina maana kwamba mkeo akinywa chai yake taratibu kisha akashuka ufukweni saa nne, mbele yake atakuta uwanda, na bahari ataiona kama mstari mweupe wa mawimbi kule mwambani. Akiamka mapema, saa kumi na mbili au saa moja, atayakuta maji, ila yatakuwa yanaondoka. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi au pungufu kidogo, kwa hiyo hata siku yenu ya nne maji yatakuwa yanakupwa karibu na adhuhuri.

Kama likizo yenu ingekuwa ya Idd el-Hajj, ambayo ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, ningewashauri Paje bila ya kusita. Siku hizo ni za maji mafu au zimepita hapo kidogo tu: maji hujaa karibu na adhuhuri, na hata yanapokupwa hayaendi mbali kama siku za bamvua. Theluthi ile ingebaki mfukoni mwenu.

Sitaki hata hivyo msomaji adhani kwamba maji yaliyokupwa ni hasara tupu. Pwani ya mashariki wakati huo ina uhai kuliko bwawa lolote la hoteli. Wanawake wa Paje na Jambiani hutoka kwenda kuhudumia mwani wao, kilimo kilichoanza katika pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine huenda mwambani kutafuta pweza. Mgeni mwenye viatu vya mpira anaweza kutembea kuelekea mwambani na kuona viumbe ambao kwingine angehitaji kupiga mbizi ili awaone. Viatu ni vya lazima, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe, na kamba za mwani hazikanyagwi, kwa kuwa ni riziki ya mtu. Mgeni anayekwenda kwa ajili ya upepo, matembezi marefu na jua linalochomoza baharini hana sababu ya kwenda Kendwa. Mkeo anataka kuogelea asubuhi, na kwa sikukuu hiyo jibu langu ni Kendwa.

Kuhusu hali ya hewa, mwaka 2026 na mwaka 2027 Idd el-Fitri inaangukia mwezi Machi, wakati pepo za kaskazi zinaelekea kuisha na masika yanakaribia. Joto huwa kali, na mvua inaweza kuanza mapema. Faida yake ni kwamba msimu wa bei ndogo hauko mbali. Baadhi ya hoteli hufungwa kabisa Aprili na Mei kwa ajili ya matengenezo, na nyingine huanza kupunguza bei kabla ya hapo, kila moja kwa tarehe yake. Tofauti ya siku mbili tu inaweza kuhamisha chumba kutoka bei moja hadi nyingine, kwa hiyo ulizeni bei mpya inaanza lini.

Nikija kwenye swali la pili, jambo la kwanza la kuuliza ni chumba chenyewe. Chumba kinachoitwa cha kuiona bahari kinaweza kuwa nyuma ya mistari miwili ya vyumba vingine, na bahari yake ikawa kipande kinachoonekana katikati ya minazi mtu akisimama kwenye kona ya baraza. Chumba kilicho mbele ya bahari ni kitu kingine, na bei yake ni nyingine. Ombeni namba ya chumba au ramani ya hoteli, kisha ulizeni kati ya mlango wenu na mchanga kuna nini. Nyota tano zilizoandikwa kwenye tangazo zisiwatoshe kama ushahidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, lakini kwenye mitandao ya kuuzia vyumba nyota nyingi ni za kujipachika.

Jambo la pili ni chakula, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Bei inaweza kuwa ya chumba na kifungua kinywa tu. Ya kifungua kinywa na chakula cha usiku. Ya milo mitatu. Au ile inayoitwa ya kila kitu ndani. Katika bei ya milo mitatu vinywaji kwa kawaida havimo, na mahali pengine hata maji ya chupa ya mezani hulipiwa. Ile ya kila kitu ndani nayo ina mipaka: juisi ya matunda iliyokamuliwa papo hapo, kahawa ya mashine, kamba wakubwa, vinywaji vya chapa fulani na chakula cha kuletewa chumbani mara nyingi huwa nje yake. Kwa watu wawili wasiokunywa pombe, mimi naona kila kitu ndani ni ghali bure, maana sehemu kubwa ya nyongeza ile ni gharama ya baa ambayo hamtaigusa. Chukueni kifungua kinywa na chakula cha usiku, na mchana mle samaki kwenye migahawa ya kijijini.

Ulizeni vilevile kama kodi ya serikali na ushuru wa miundombinu, ambao hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, vimo ndani ya bei au mtavikuta kwenye hesabu ya mwisho. Wanaokwenda Desemba wana swali la ziada, kwa kuwa hoteli nyingi huwatoza wageni wote chakula maalumu cha mkesha wa Krismasi na cha mkesha wa mwaka mpya, wakitaka wasitake. Bei iombwe kwa shilingi: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Pigeni simu au andikeni barua pepe moja kwa moja hotelini mkiulizia bei ya wakazi, ambayo mara nyingi haionekani kwenye mitandao ya nje, na mbebe vitambulisho vyenu vya taifa, kwani mtaombwa kuvionyesha mapokezi. Masharti ya kughairi nayo yawe kwa maandishi, yakitaja ni hadi siku gani amana inarudishwa na kwa kiasi gani.

Kuhusu safari, mkishuka treni ya mwendokasi Dar es Salaam, boti hadi Unguja huchukua takriban saa mbili, na kutoka bandarini hadi Kendwa ni zaidi ya saa moja kwa gari. Gari la hoteli huweza kutoza mara mbili ya teksi ya kawaida, basi linganisheni kabla ya kukubali.

Swali: Staha, chakula na watoto

*Sisi ni familia ya Kiislamu, tuna watoto wa miaka minne na tisa. Mume wangu anataka tukapumzike Zanzibar katika hoteli nzuri ya ufukweni. Mimi navaa hijabu na ningependa kuogelea na wanangu bila ya kutazamwa, na nina wasiwasi wa chakula. Je, hoteli hizi zinatufaa watu kama sisi?* – Mama N., Nairobi

Jibu: Mama N., zinawafaa, ila si zote, na ya kwanza kuulizwa ni umri wa watoto. Hoteli kadhaa za kifahari Unguja hazipokei watoto kabisa, au hupokea waliovuka umri fulani tu, na sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Ulizeni kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu kuogelea, vazi la staha la kuogelea limezoeleka sasa, na hoteli nyingi hudai tu kwamba liwe la kitambaa cha kuogelea badala ya pamba. Kwa faragha kamili, zipo nyumba zenye bwawa lake ndani ya ua. Hapa usiridhike na neno la faragha peke yake. Uliza ukuta una urefu gani, na kama ghorofa au baraza ya jirani inachungulia ndani, kwa sababu nyingine zimezungushiwa makuti upande mmoja tu na mbele ziko wazi kwa wapita njia wa ufukweni. Tena, bwawa la namna hiyo halina mlinzi wa waogeleaji, na mara nyingi halina uzio, huku mlango wa chumba ukifungukia ukingoni mwake. Kwa mtoto wa miaka minne hilo linanitia hofu kuliko macho ya watu. Kama mlango hauna komeo la juu asilolifikia, ningechagua chumba cha kawaida na bwawa la wote lenye sehemu ya watoto.

Chakula hakina ugumu mkubwa, kwa sababu wakazi wa kisiwa karibu wote ni Waislamu na nyama inayochinjwa pale ni halali. Tatizo liko kwenye vinavyoagizwa kutoka nje: soseji, nyama za kukausha na nyama ya nguruwe huwekwa kwenye meza ya kifungua kinywa kwa ajili ya wageni wengine, wakati mwingine jirani kabisa na mayai, na mchuzi wa kizungu huweza kupikwa kwa mvinyo. Mwombe mpishi mkuu siku ya kwanza, naye atakueleza kila chombo. Wapishi wa Unguja wanaulizwa swali hilo kila siku na hawalioni kuwa usumbufu. Pombe utaiona, kwa kuwa hoteli nyingi kubwa huiuza. Ukitaka mahali pasipo na pombe kabisa, zipo hoteli ndogo za namna hiyo, lakini anasa yake huwa ya kiasi.

Ufukwe mbele ya hoteli hupitwa na wavuvi, watoto wa kijiji na wageni wa hoteli jirani, na mavazi ya wageni hao yatawashangaza wanao. Watakuja pia papasi, yaani vijana wauzao safari za mashua na vinyago. Waitikie salamu, wakatae kwa upole mara moja, na usiulize bei ya kitu usichokitaka. Kwa kuwa mnatoka Kenya, bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, vya watoto navyo.

Swali: Ndugu zangu watapitishwa getini?

*Nilizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, naishi Muscat na pasipoti yangu ni ya Oman. Wanangu wanataka bahari, kwa hiyo safari hii tutafikia hoteli kubwa ya pwani badala ya kufikia kwa ndugu. Je, jamaa zangu wanaweza kuja kututembelea bila ya kuudhiwa mlangoni? Na hiyo bima inayotajwa inanihusu?* – Mzee S., Muscat

Jibu: Mzee wetu, shikamoo. Bima inakuhusu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima Zanzibar, ambayo bei yake ilitangazwa kuwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, nayo hununuliwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Bima uliyokata Muscat haichukui nafasi yake.

Kuhusu ndugu, jambo hili huwaumiza wengi wanaorudi nyumbani, na linaepukika. Hoteli hizi zina geti na walinzi walioagizwa wasimpitishe asiyekuwa kwenye orodha, na mlinzi anayemzuia shangazi yako anatekeleza agizo la mwajiri. Mwandikie meneja siku mbili tatu kabla, ukitaja majina na saa. Hoteli nyingi zitakubali, ama bure kwa muda mfupi, ama kwa ada ya mgeni wa mchana, ambayo mahali pengine huhesabiwa kama sehemu ya malipo ya chakula. Kama umelipia kila kitu ndani, chakula cha wageni wako hakimo. Kulala hapo hawataruhusiwa bila ya kuandikishwa. Waeleze mapema pia kwamba chakula kutoka nje hakiingizwi, kwa sababu najua watakuja na sufuria la pilau, na litaishia kwenye kibanda cha mlinzi.

Mimi ningepanga hivi: siku mbili za mwanzo uzimalize kwa ndugu mjini, shughuli zote za kuamkiana na kulishana ziishe, kisha ndipo uhamie pwani na watoto. Hivyo hakuna atakayesema umekuja ukajificha hotelini.

Swali: Bakhshishi

*Tutakaa hoteli ya pwani siku chache. Bakhshishi hupewa nani, na ni kwa dola au shilingi?* – Msomaji, Arusha

Jibu: Bakhshishi si lazima. Soma kwanza hesabu yako uone kama ada ya huduma imeshakatwa. Ukipenda kutoa, toa shilingi: noti ya dola iliyochakaa au ya toleo la zamani hukataliwa kwenye maduka ya kubadilishia fedha, na mhudumu huishia kuiuza kwa hasara. Anayekubebea mizigo na anayekuhudumia mezani utawaona mwenyewe, na wengi huwapa papo hapo. Anayesafisha chumba umwachie mezani pamoja na kikaratasi chenye jina lake, la sivyo hataigusa, akihofia kuambiwa amechukua fedha za mgeni. Kwa wengine wote, uliza mapokezi kama pana kisanduku cha pamoja, kwa sababu wapishi, wafua nguo na watunza bustani hawakutani na mgeni, na kile kisanduku ndicho mgao wao.